Kanga Juu ya Banda

Jumapili saa kumi na mbili jioni ratiba inaingia kwenye simu.
Semeni huisoma kabla yangu,
kalamu sikioni, daftari la kuku mapajani:
Jumatatu Mafia mara mbili,
Jumanne akiba.
Akiba maana yake kaa, viatu ving'ae, usiende mbali,
wala hulipwi mpaka wakuite.
Basi Jumanne ni siku ya chanjo.

Mtu wa kuitwa hutafuta kazi isiyonuna akiondoka.
Nilijaribu teksi: abiria gani atakubali kushushwa Tabata
eti dereva anatakiwa Songea?
Nikajaribu tuisheni ya hesabu, kidato cha nne,
nikakosa vipindi mpaka Hamduni, mwanafunzi wangu hodari,
akawa anawafundisha wenzake,
na ada akapokea yeye.
Kuku hawaniulizi nimetoka wapi.

Mtaa mzima wa Kivule wananiita Kapteni.
Mimi si kapteni. Nakaa kiti cha kulia,
begani mistari mitatu;
kapteni ni Rweyongeza, ana minne,
na nyumba yenye geti, nadhani.
Mangi wa dukani hunikopesha unga kwa heshima ya mistari.
Hajui mistari yenyewe ni ya mkopo:
kiwanja cha baba kule Mlandizi
kiligeuka saa mia mbili za kuruka,
na kila mwisho wa mwezi benki inakula kwanza,
sisi tunadonoa.

Tukitua kutokea kusini-magharibi
tunapita juu ya mabati yetu.
Hapo Semeni hutandika kanga, matofali pembe nne.
Ya bluu: salama.
Nyekundu: wateja wamefika, njoo na chenji.
Njano: umeme umekatika.
Jina la ile ya njano halisomeki kutoka angani,
ila mimi nalijua, nilimnunulia mwenyewe Kariakoo:
MGAAGAA NA UPWA HALI WALI MKAVU.
Upwa hatuna. Tuna Kivule.

Alhamisi ile, masika,
vifaranga mia tatu, umri siku nne.
Tulitoka ndani ya wingu na nikaiona,
njano, imelowa, imeng'ang'ania bati.
Nilikuwa tayari nimeshika kipaza sauti.
"Mabibi na mabwana, tunakaribia Dar es Salaam.
Hali ya hewa ni mvua nyepesi,
nyuzi joto ishirini na mbili."
Nyuma mtu akasema, afadhali, kumepoa.
Kifaranga wa siku nne anataka thelathini na mbili.

"Mbona kimya?" akauliza Rweyongeza.
"Naangalia upepo."
Nikatua laini kama mtu anayelaza mtoto.
Mikono haikuwa na habari za banda.

Bodaboda, gunia la mkaa katikati yetu,
tai mfukoni, maji ya dimbwi hadi kwenye mistari.
Nilimkuta Semeni amewahamishia chumbani,
mia tatu kasoro kumi na moja,
ndani ya chandarua chetu,
wamezunguka madumu ya maji ya moto.
Dumu moja kalivisha sweta langu la kazi.
Hakusema pole. Alisema, "Funga mlango, joto linatoka."

Usiku, mimi na yeye sakafuni,
kitanda kizima kinalia kwa sauti nyembamba,
simu ikawaka. Nikadhani wananiita.

Alikuwa Rweyongeza:
"Nilikuona ukiiangalia ile kanga.
Lile banda refu karibu na tanki jeusi ni langu. Nguruwe.
Mkaa ukibaki, niuzie nusu gunia.
Ofisini usiseme."

Semeni akausoma mara mbili,
akamrudisha kifaranga aliyedondoka ukingoni,
kisha akauliza, taratibu, kama anayepiga hesabu ya chakula:
"Na yeye hutandikiwa ya rangi gani?"